Umri Pekee Hautoshi Kushika Usukani wa Lori
Nchini Uganda na Kenya kijana aliyetimiza miaka 18 aweza kuomba leseni ya gari dogo. Lori la tela lina daraja lake la leseni, nalo hutanguliwa na uzoefu. Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu lori lenye shehena kufikia tani 56. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka takriban mara nne. Hivyo, utingo asiye na leseni hiyo asilisogeze lori hata kwenye foleni ya mpakani, ijapokuwa dereva amemwagiza. Akigonga mtu, atashtakiwa yeye, na bima yaweza kukataa kulipa fidia. Wazazi, wahimizeni vijana wapande daraja kwa daraja.