Herufi ya Mwisho Isiyotamkwa

Mtoto wa darasa la kwanza akikutana na neno la Kiingereza "name", huligawa silabi mbili: na-me. Wapo walimu wanaomkaripia. Hastahili. Amefuata kanuni ileile aliyofundishwa katika Kiswahili, kwamba irabu ikiandikwa hutamkwa. Waingereza nao walisoma hivyo zamani: katika mashairi ya Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, "name" kwa kawaida huwa na silabi mbili. Baadaye e ya mwisho ikanyamaza, irabu ndefu zikageuka sauti, tahajia ikabaki ilipokuwa.

Kinachowachanganya zaidi wanafunzi wetu ni kuambiwa "vuteni irabu". Kuvuta wanakujua, ndiyo maana "kaa" hawalichanganyi na "ka". Mwambie mtoto avute a ya "tap", naye kwa utii atasema "taap". Inayotakiwa ni sauti nyingine kabisa, na tunayo nyumbani: "ei" ya bei, "ai" ya chai. Zianze mdomoni na masikioni kabla ya kufungua daftari.

Kisha kata kadi za boksi, uandike t, a, p. Watoto wasome "tap", wakuoneshe bomba la maji. Mmoja wao aweke e mwishoni, nawe usome "tape", huku umeshika utepe mkononi. Aiondoe, airudishe, darasa lisome kila mara. Hapo wataona wenyewe kwamba e imekaa kimya lakini imebadilisha irabu iliyo nyuma ya konsonanti. Endelea na "plan" na "plane". Kaa na a mpaka iwaingie, ndipo uende kwenye i, kwa "kit" na "kite", yaani tiara, halafu o. Naomba sana u isubiri, kwa sababu "cute" na "rule" hazitamkwi kwa namna moja.

Katika imla, mtoto akiandika "teip", usikimbilie kalamu nyekundu. Sikio lake limefanya kazi nzuri. Kilichobaki ni tahajia, na kadi zilezile zitamsaidia.

Yako maneno yasiyofuata kanuni hii, nayo yasifichwe. "Have", "give" na "love" yana e kwa sababu Kiingereza hakipendi kumalizia neno kwa v, na mtoto wa miaka saba anaielewa sababu hiyo akielezwa. "Come" na "done" yaandikwe kwenye bango ukutani, yasomwe kila asubuhi mpaka yazoeleke.