Tarakimu na Namba: Namna ya Kugeuza Maandishi katika Lugha ya C

Katika Kiswahili tunayo maneno mawili yanayostahili kutenganishwa, nayo ni tarakimu na namba. Tarakimu ni alama iandikwayo. Namba ni kiasi kinachotajwa na alama hizo. Mtu asomaye 300 hupita kutoka alama hadi kiasi bila kujua kwamba amepita. Kompyuta haina wepesi huo. Kwake yeye, 300 iliyopigwa chapa ni herufi tatu zilizofuatana, kama zilivyo herufi za neno "paa", na haiwezi kuzitumia katika hesabu mpaka zigeuzwe. Makala hii yataka kueleza jinsi mgeuzo huo ufanywavyo katika lugha ya C, na kwa nini ukifanywa kwa uzembe huleta hasara isiyoonekana upesi.

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Namba kamili ndani yake ni za namna mbili: zile ziwezazo kuwa chanya au hasi, na zile zisizo na hasi kabisa, zianziazo sifuri. Za namna hii ya pili ndizo tunazozieleza hapa. Ile iitwayo unsigned int kwa kawaida hukaa katika biti 32, na upeo wake ni 4294967295.

Njia fupi ya kugeuza ni kutumia atoi. Lakini atoi ikipewa "paa" hurudisha sifuri, na ikipewa "0" hurudisha sifuri vile vile. Ni kama karani aonaye haya kusema kwamba barua imemshinda. Tena namba ikipita kipimo, kanuni za lugha haziahidi lolote.

Kwa sababu hiyo yafaa kutumia strtoul, iliyoingizwa katika kanuni rasmi za mwaka 1989. Hii hurudisha namba, na pamoja nayo huonyesha mahali usomaji ulipokoma. Hata hivyo ina desturi zake. Kwanza, huruka nafasi tupu zilizotangulia. Pili, hukubali alama ya kutoa, ingawa jibu lake haliwezi kuwa hasi. Maandishi "-1" hugeuzwa kuwa namba kubwa kuliko zote, yaani 18446744073709551615 pale ambapo unsigned long ina biti 64, wala hapana kosa litangazwalo. Tatu, msingi wa hesabu ukiandikwa 0, basi "010" husomwa kuwa nane, maana sifuri ya mbele huashiria hesabu ya msingi wa nane.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala. Akiandika "-1" kwa kuteleza kidole, programu isiyo na uangalifu yaweza kumwandikia magunia 4294967295. Kosa hilo mtu yeyote ataliona na kulicheka. Lakini akiandika "12O", yaani herufi O mahali pa sifuri, usomaji utakoma kwenye herufi hiyo na jibu litakuwa 12. Magunia 108 yamepotea katika daftari, na namba iliyobaki haina dalili yoyote ya ubaya. Kosa la namna hii ndilo la kuogopwa.

Basi mwenye kuandika programu hana budi kufuata hatua hizi. Kwanza, ahakikishe kwamba herufi ya kwanza ni tarakimu. Kwa sharti hili moja atakuwa amekataa maandishi matupu, nafasi tupu na alama zote. Pili, aifute errno, kwa kuwa hakuna fanksheni ya maktaba iifutayo yenyewe, kisha ageuze kwa msingi wa kumi:

errno = 0;
thamani = strtoul(maandishi, &mwisho, 10);

Tatu, atazame kama errno imekuwa ERANGE, maana yake namba imepita upeo wa unsigned long. Nne, ahakikishe kwamba mwisho umefika kwenye alama ya '\0' inayofunga maandishi. Hapo ndipo "12O" hukamatwa. Tano, alinganishe thamani na UINT_MAX kabla ya kuiweka katika unsigned int. Hatua hii ya tano husahauliwa mara nyingi, kwa sababu unsigned long ina biti 32 katika Windows, bali katika Linux ya biti 64 ina biti 64. Huko Linux 4294967296 husomwa sawasawa, kisha ikiwekwa katika chombo kidogo hugeuka sifuri.

Hatua hizi ni mistari michache tu. Faida yake ni kwamba programu itaweza kusema wazi, "Maandishi haya si namba," na mtunza ghala atayasahihisha palepale, kabla daftari halijaharibika.