Filibasta: jina la maharamia lililoingia bungeni

Agosti 28, 1957, kabla ya kwenda kuhutubia Seneti ya Marekani, Strom Thurmond wa South Carolina aliingia kwenye bafu la mvuke. Hakufuata starehe. Alitaka jasho limkaushe, ili maji atakayokunywa ukumbini yaishie mwilini badala ya kumpeleka msalani, maana akitoka tu nje zamu yake ya kusema imekwisha. Alianza karibu saa tatu usiku. Akasoma sheria za uchaguzi, jimbo moja baada ya jingine, akasoma Azimio la Uhuru, akasoma hotuba ya kuaga ya George Washington. Alipoketi usiku wa pili, saa 24 na dakika 18 zilikuwa zimepita. Muswada wa haki za kiraia aliokuwa akiupinga ulipitishwa na Seneti saa chache tu baadaye.

Kwa Kiingereza, kuzungumza hivyo ili kura isipigwe huitwa filibuster. Tuliandike filibasta. Ukitoka kwenye habari za Seneti ya Washington, ni nadra kulisikia, na mwanafunzi wa Kiingereza anaweza kufika chuo kikuu bila kukutana nalo. Na bado ni neno lenye damu. Miaka 100 kabla ya Thurmond, filibasta hakuwa msemaji hodari. Alikuwa mtu mwenye bunduki aliyevuka mpaka kwenda kupora nchi isiyo yake.

Asili yake ni Uholanzi. Katika karne ya 16 Waholanzi walimwita vrijbuiter mtu anayejitafutia ngawira kwa mkono wake, bila kutumwa na mfalme wala jeshi. Vrij ni huru, buit ni ngawira. Waingereza walilitafsiri kipande kwa kipande wakapata freebooter. Lakini neno lenyewe lilikuwa na safari nyingine. Lilifika Karibi, Wafaransa wakalitamka flibustier, Wahispania wakalifanya filibustero, na lilipowarudia wasemaji wa Kiingereza karne ya 19 ilikuwa vigumu kulitambua kuwa ndugu wa lile la kwanza.

Wafaransa walioitwa hivyo walikuwa na maskani yao kisiwa cha Tortuga, kaskazini mwa Haiti ya leo, wakivizia merikebu za Hispania. Alexandre Exquemelin, aliyeishi nao na kusafiri nao, alieleza taratibu zao katika kitabu kilichochapishwa Amsterdam mwaka 1678. Kabla ya kung'oa nanga walikubaliana fidia: aliyepoteza mkono wa kulia alipata vipande 600 vya fedha au watumwa sita, jicho moja lilikuwa vipande 100 au mtumwa mmoja. Wezi wenye mkataba, tena mkataba uliomhesabu binadamu kama sarafu.

Utumwa ndio uliolifufua neno hili Marekani. Baada ya vita na Mexico vya 1846 hadi 1848, nchi ilijaa vijana waliozoea bunduki, na mabwana wa mashamba ya Kusini walikuwa wakitafuta ardhi mpya ya kupeleka watumwa. Serikali haikuruhusu. Sheria ya mwaka 1818 ilikataza raia kuandaa jeshi binafsi dhidi ya nchi iliyo na amani na Marekani. Waliandaa hata hivyo. Narciso López, mzaliwa wa Venezuela, aliivamia Cuba mwaka 1850 na tena 1851 akiwa na wapiganaji aliowakusanya Marekani. Wahispania walimkamata na kumnyonga Havana kwa kabali ya chuma. Bendera aliyoipeperusha, yenye nyota nyeupe ndani ya pembetatu nyekundu, ndiyo bendera ya Cuba mpaka leo. Historia haichagui wazazi wake.

Aliyelifanya neno lienee kuliko wote ni William Walker wa Nashville, Tennessee. Alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, mwenye macho ya kijivu ambayo wengi waliomwona waliyataja. Alihitimu udaktari akiwa na miaka 19, akahamia uanasheria, akauacha akawa mwandishi wa habari. Mwaka 1853 aliingia Baja California na genge lake akajitangaza rais wa jamhuri isiyokuwepo. Alifukuzwa, akashtakiwa San Francisco kwa kuvunja ile sheria ya 1818, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia baada ya kushauriana kwa dakika chache tu. Mtu akishaachiwa hivyo, atakoma kwa lipi?

Mwaka 1855 Nicaragua ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na upande mmoja ulimwalika. Alifika na watu wasiozidi 60. Oktoba hiyo aliuteka mji wa Granada. Julai 1856 alikuwa rais wa nchi. Septemba akafuta amri iliyokuwa imepiga marufuku utumwa. Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuutambua utawala uliokuwa mikononi mwake, na New York walicheza tamthilia ya kumsifu. Majirani wa Amerika ya Kati hawakupiga makofi. Costa Rica ilikuwa ya kwanza kumpelekea jeshi, na katika mapigano ya Rivas, Aprili 11, 1856, kijana mpiga ngoma aitwaye Juan Santamaría alichoma moto nyumba waliyojificha watu wa Walker, akafa akifanya hivyo. Tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Costa Rica, na uwanja mkuu wa ndege wa nchi hiyo una jina lake. Walker naye alijitengenezea adui tajiri kwa kumpora Cornelius Vanderbilt kampuni ya kusafirisha abiria kati ya bahari mbili. Watu wake walipolazimika kuiacha Granada waliiteketeza, wakasimika ubao wa maneno machache kwamba hapa palikuwa na Granada. Walker alisalimu amri Mei 1857, akajaribu tena, na Septemba 12, 1860 alipigwa risasi na askari wa Honduras huko Trujillo. Alikuwa na miaka 36.

Katika miaka hiyo, magazeti yakiwa yamejaa habari za mafilibasta, wanasiasa wa Washington walianza kutupiana neno hilo. Mwaka 1853, katika Baraza la Wawakilishi, Albert Brown wa Mississippi alimshutumu mwenzake kwa kufanya ufilibasta dhidi ya Marekani yenyewe, katika mjadala uliogusa Cuba. Ilikuwa kejeli tu. Ila kejeli ilikaa vizuri, kwa sababu mbunge anayeteka ukumbi na kuwanyima wenzake kura anafanana na jambazi aliyekalia njia. Kufikia miaka ya 1880, maana ya kuzuia muswada ilikuwa ya kawaida kabisa. Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko Marekani: Cato alikuwa akihutubia Seneti ya Roma mpaka jua linazama ili kumkwamisha Julius Caesar.

Ufilipino neno lilichukua njia tofauti na, kwa maoni yangu, ya kutisha zaidi. Wahispania waliokwisha kuwaita filibustero wapigania uhuru wa Cuba walilipeleka jina hilo kwenye koloni lao la Asia, ambako halikumtaja mwizi wa kitu chochote. Lilimtaja Mfilipino yeyote aliyeshukiwa kutoitii Hispania. Mwandishi Mfilipino José Rizal alimweleza rafiki yake kwamba alilisikia mara ya kwanza mwaka 1872, mapadri watatu waliponyongwa Manila, na kwamba baba yake aliwakataza watoto wasilitamke. Mwaka 1891 alilifanya jina la riwaya, El filibusterismo, akaitabaruku kwa mapadri hao. Mwaka 1896 naye akapigwa risasi.

Turudi Washington, ambako waliotukanwa kwa jina hilo waliishia kulivaa kama nishani. Huey Long wa Louisiana mwaka 1935 alisema kwa zaidi ya saa 15, akiwaeleza maseneta namna ya kukaanga chaza. Seneti ilikuwa na kanuni ya kufunga mjadala tangu 1917, lakini ilidai theluthi mbili ya kura, na maseneta wa Kusini waliutumia upenyo huo kuua miswada dhidi ya mauaji ya Weusi. Mwaka 1964 walizuia muswada wa haki za kiraia kwa siku 60 za vikao. Juni 10 kura ya kufunga mjadala ilipoitwa, Clair Engle wa California aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Uvimbe kwenye ubongo ulikuwa umemnyang'anya sauti. Jina lake lilipotajwa aliinua mkono akaonyesha jicho lake. Kwa Kiingereza jicho na ndiyo ya bungeni hutamkwa sawasawa. Matokeo: 71 kwa 29.

Baada ya hapo walitafuta nafuu. Miaka ya 1970 Seneti ilianza kuendesha miswada miwili sambamba, ili mmoja ukikwama kazi nyingine ziendelee, na mwaka 1975 kura za kufunga mjadala zikapunguzwa hadi 60. Nafuu hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Seneta hahitaji tena bafu la mvuke wala sauti; ofisi yake inatoa taarifa kwamba anapinga, na muswada usio na kura 60 unabaki kabatini. Filibasta wa leo, mara nyingi, ni mtu asiyesema neno.

Machi 31, 2025 Cory Booker wa New Jersey, seneta Mweusi, alisimama kumpinga Rais Donald Trump. Alikuwa amefunga kula kwa siku kadhaa na kuacha maji tangu usiku uliotangulia. Aliketi Aprili 1 baada ya saa 25 na dakika tano, akiwa ameivunja rekodi ya Thurmond. Kwa mujibu wa kanuni haikuwa filibasta, kwa kuwa mbele yake hapakuwa na muswada wowote wa kuzuia.