Matusi, Karipio na Utani Kambini: Neno la Askari Hukera Lini?

Mfasiri wa riwaya ya vita hukutana mapema na tatizo linalomsumbua kuliko majina yote ya silaha. Silaha zina visawe vyake: bunduki, singe, mzinga, kombora. Vyeo navyo vinavyo, tangu koplo hadi jenerali. Lakini askari wa Kiingereza katika riwaya hiyo hafungui kinywa bila kutoa neno la aibu. Mfasiri analitafuta katika kamusi, anapata jina la kitendo kilekile au kiungo kilekile, analiandika, na msomaji wa Kiswahili anashtuka mahali ambapo msomaji wa Kiingereza hakushtuka hata kidogo. Maana ya neno imehamishwa, ila uzito wake umeongezeka njiani. Makala haya yanaeleza chanzo cha tofauti hiyo na nyenzo ambazo Kiswahili kinazo.

Tuanze na istilahi, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa hapo. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mtu anayeapa mahakamani na kwa mtu anayetukana barabarani. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa makini. Kuapa, au kula yamini, ni kuthibitisha kauli kwa kumtaja Mungu au kitu kitukufu. Kuapiza ni kumwombea mtu baya limpate. Kukufuru ni kuukosea heshima utukufu wa Mungu. Kutukana ni kumvunjia mtu heshima kwa maneno machafu au ya kudhalilisha, na kilele chake ni matusi ya nguoni, yaani yale yanayotaja maumbile ya siri, aghalabu ya mama wa anayetukanwa. Kukaripia na kufoka ni kuonya kwa ukali, na mtu anaweza kukaripiwa saa nzima bila kutukanwa hata mara moja. Kutania ni jambo jingine kabisa, nitalirudia.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba utengano huu una kazi. Tarehe 3 Agosti 1776, George Washington alitoa amri kwa jeshi lake kupinga tabia ya kuapa na kulaani ovyo. Hoja yake kuu ilikuwa ya dini: jeshi lisitegemee baraka za Mbinguni ilhali linaitukana Mbingu kwa utovu wa uchaji. Mwanafunzi anayefasiri amri hiyo kwa neno «matusi» anatoa picha ya askari wanaotukanana, kumbe jenerali alikuwa anazungumzia kufuru. Neno sahihi hapo ni kukufuru pamoja na kuapiza. Matusi kwa maana yetu ya leo si kiini cha amri ile.

Sasa tuje katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. John Brophy na Eric Partridge, ambao wote wawili walikuwa askari katika vita hivyo, walitoa mwaka 1930 kitabu cha nyimbo na misimu ya askari wa Uingereza. Katika maelezo yao kuna jambo ambalo kila mwanaisimu angependa kuligundua yeye mwenyewe. Neno moja chafu lilitumika mara nyingi mno kiasi cha kupoteza maana, likawa kama alama tu ya kuonyesha kwamba nomino iko njiani. Sajini aliyeamuru bunduki zichukuliwe, akapachika neno hilo katikati, alikuwa anatoa amri ya kila siku. Akiliacha neno hilo, askari walijua mara moja kwamba hatari imefika. Tusi lilikuwa hali ya kawaida. Adabu ndiyo iliyokuwa king'ora.

Wachapishaji wa zama hizo hawakuweza kuliandika neno hilo. Riwaya ya Frederic Manning kuhusu vita hivyo ilitoka mwaka 1929 katika toleo dogo lililohifadhi lugha ya askari, kisha mwaka 1930 ikatolewa kwa umma chini ya jina jingine, ikiwa imesafishwa. Norman Mailer naye, mwaka 1948, ilibidi abadilishe herufi za neno hilo ndipo riwaya yake ya vita vya Pasifiki ichapishwe.

Kiswahili hakina kipachikwa cha namna hiyo. Tusi la nguoni katika Kiswahili halijafifia: lina mlengwa, na mlengwa ana mama. Ukilipachika katika kila sentensi ya sajini, umemgeuza sajini huyo kuwa mtu anayetafuta ugomvi na kikosi kizima kila dakika. Huo si ukali aliouandika mwandishi wa awali. Je, mfasiri afute tu? Hapana, kwa kuwa akifuta, sajini anakuwa mwalimu wa madrasa. Ni lazima ukali upatikane kwingine, na lugha ya kambi za Afrika Mashariki inatuonyesha wapi.

Lugha hiyo ina historia ndefu. Wajerumani walipounda jeshi lao pwani mwaka 1889 waliajiri Wasudani wengi kutoka Misri, na pamoja nao vikaja vyeo vya Kituruki: ombasha, shaushi, na afande, ambalo asili yake, efendi, ni neno la heshima. Vyeo vingine vimekufa ila afande amebaki hai, na leo huitwa hivyo hata polisi wa kawaida na raia anayetaka kuachiwa apite. Kwa upande wa Waingereza, kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilitumia Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho wa kisarufi. Watu walikiita Kikeya, kutokana na herufi za jina la kikosi. Kikeya kilikanusha karibu kila kitu kwa «hapana» na kuamuru karibu kila kitu kwa shina tupu la kitenzi. «Wewe hapana sikia?» ni sentensi ya Kikeya. Haina neno chafu hata moja, na bado mzee wa Pangani au Lamu angeisikia kama kofi.

Hapa ndipo penye utajiri wa suala letu. Kiswahili hukera kwa sarufi kabla ya kukera kwa msamiati. Chukua amri. Katika mazungumzo ya kawaida, hali ya dhamira hulainisha: «unipe maji», «naomba uniletee». Amri tupu, «leta maji», huelekezwa kwa mtoto, au kwa rafiki wa karibu sana. Kambini amri tupu ndiyo sarufi nzima, na «tafadhali» halina makazi. Askari mpya anayetoka katika nyumba ya adabu hupata mshtuko wake wa kwanza hapo, wakati hakuna aliyemtukana.

Chukua maamkizi. Kijana wa Kitanzania amelelewa kumwamkia «shikamoo» kila aliyemzidi umri. Akifika jeshini anakuta saluti na «Jambo afande». Luteni wa miaka 24 anapokea heshima hiyo kutoka kwa sajini mwenye umri wa baba yake, na humwita sajini huyo kwa cheo, bila «mzee» wala «baba». Cheo kimeuvua umri taji lake. Kwa sikio la Kiswahili, kunyimwa neno la heshima ni namna ya kukosewa. Ndiyo maana watu wengi waliopitia mafunzo hayo husema «walitutukana», na ukiwaomba mfano wa tusi hawaupati. Wanachokumbuka ni kuitwa «wewe».

Kisha kuna ngeli. Nomino za watu zenye kiambishi ki-, kama kijana, kipofu na kiongozi, huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza: kijana anachelewa. Mkufunzi akisema «kijana kinachelewa», amemtoa kijana yule katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na viti na vikombe. Kwa njia hiyohiyo, kuruta, neno lisilo na ubaya wowote kiasili kwa kuwa limetoholewa kutoka neno la Kiingereza la askari mpya, hugeuka kikuruta: «Hiki kikuruta kinasuasua nini?» Ukubwa nao hufanya kazi hiyo. Anayebeba bunduki vibaya huambiwa aliinue hilo libunduki lake. Kielekezi kinachotangulizwa, umilikishi unaofuata, kiambishi cha kukuza: vyote vitatu ni dharau, na hakuna kamusi itakayoviandika kuwa matusi.

Msamiati upo pia, na una ngazi zake. Ngazi ya chini kabisa ni raia. Neno hili lilitoka Kiarabu, ambako lina uhusiano na kuchunga, likimaanisha watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili cha siasa raia ni mwenye nchi. Kambini raia ni asiye askari, na kumwambia kuruta kwamba amesimama kiraia ni kumwambia kwamba hafai. Juu yake kuna mzembe, goigoi, legelege, mwoga. Juu zaidi kuna mshenzi, neno ambalo pwani lilikuwa kinyume cha muungwana na mstaarabu, likabandikwa watu wa bara, kisha walowezi na maofisa wa kikoloni wakalipenda mno. Nashauri mfasiri asilitumie kama kipachikwa cha kawaida. Bado lina harufu ya enzi hizo.

Ukiziangalia ngazi hizi utaona mpaka ambao kuruta wenyewe huutambua bila kufundishwa. Goigoi na mzembe hugusa kitu kinachoweza kubadilika kabla ya jioni: kimbia vizuri zaidi, na neno litaondoka. Kabila, maumbile ya mwili, dini na mzazi havibadiliki kwa mazoezi. Wanaotetea lugha kali kwa hoja kwamba humkomaza askari wana haki ya kuitetea ngazi ya kwanza. Hoja hiyo haifiki ngazi ya pili, na haifiki kabisa pale kuruta ni mwanamke na maneno yanahusu mwili wake. Hapo karipio limekwisha, na kilichobaki kinahitaji jina jingine.

Mwelekeo wa neno nao una uzito. Sheria ya Jeshi ya Uingereza ya mwaka 1955 ilikataza waziwazi lugha ya vitisho au ya utovu wa utii kwa mkubwa wa cheo. Kifungu kilichomlinda mdogo kilizungumzia kupigwa au kutendewa vibaya, bila kutaja lugha. Neno likipanda lilikuwa kosa lenye jina; likishuka, ilibidi kwanza mtu athibitishe kwamba ni utendewaji mbaya. Likienda ubavuni, baina ya askari wa cheo kimoja, aghalabu huwa utani. Na utani kwetu ni desturi yenye kanuni: Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuambiana mambo ambayo wengine wangepigania, hata msibani. Kwa hiyo mfasiri anayekuta askari wawili wakitukanana kwa furaha katika riwaya ya kigeni ana rasilimali ambayo Kiingereza hakina. Awape lugha ya watani.

Kwa upande mwingine, neno safi kabisa linaweza kuchafuka kwa sababu ya wanaolitamka. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na katika miaka ya Idi Amin na iliyofuata, raia wengi wa kusini walikisikia hasa kutoka kwa watu wenye bunduki. Katika utawala wa pili wa Milton Obote, misako ya kijeshi mjini Kampala ilijulikana kwa jina la «panda gari». Mwalimu wa Dar es Salaam huliandika tungo hilo ubaoni kufundisha hali ya kuamuru. Kampala lilikuwa sauti ya mtu anayechukuliwa, pengine asirudi. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Uganda angefanya vyema kuchagua kitenzi kingine katika somo lake la kwanza, na kuanza na maamkizi kabla ya amri.

Upo pia uwezekano wa tusi kupewa kibali cha taifa. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vyombo vya habari vya Tanzania vilimwita Amin nduli, yaani mtu katili, muuaji. Neno hilo lilikaa mbele ya jina lake mithili ya cheo, na wanafunzi waliliimba katika mchakamchaka wa asubuhi. Hata leo wapo Watanzania ambao hawajawahi kulitumia kwa mtu mwingine. Kwa mtunzi wa kamusi hiki ni kitendawili kidogo cha kupendeza: maana ya jumla ipo, ila matumizi yameganda juu ya mtu mmoja.

Turudi kwa sajini wa mahandakini na amri yake. Kwa siku ya kawaida ningependekeza: «Haya, nyie, inueni hayo mabunduki yenu!» Nyie, hayo, ma-, yenu: uchovu na dharau vyote vimo, na mama wa mtu hajaguswa. Kwa usiku ule ambao adui ameonekana, sajini yuleyule aseme kwa sarufi iliyonyooka: «Chukueni bunduki zenu.» Msomaji aliyekwisha kumzoea kwa kurasa 50 atasikia kimya kilichomo ndani yake. Pale tu ambapo mwandishi wa awali alikusudia kweli kuumiza, ambapo askari mmoja anamtaja mama wa mwenzake na ngumi zinafuata, mfasiri atumie tusi la nguoni. Kama mchapishaji hakubali, tasfida ya «alimtukania mama yake» inafaa kuliko vinyota, kwa sababu kila msomaji wa Kiswahili anajua hasa kilichosemwa.