Unausaka usiku wa Lailatul Kadiri huku umemnunia ndugu yako?

Wiki hii tuweke pembeni stori za mapenzi na viwanja vya kujirusha. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu usiku mmoja wa Ramadhani niliokuwa Zegereni, kule Kibaha, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki.

Kwa asiyepajua, Zegereni ni huku huku Pwani. Unaiacha barabara ya Morogoro maeneo ya Visiga, unapanda bodaboda, unakula vumbi. Kwa wazee wetu palikuwa mahali pa mikorosho, miembe na mihogo. Siku hizi ukitaja Zegereni mtu anafikiria viwanda, maana eneo limetengwa kwa kazi hiyo na malori hayaishi kupita. Na ardhi ikishapanda bei, bwana, undugu nao unaanza kutikisika.

Kwetu ulitikisika kweli kweli. Kaka yangu mkubwa aliuza kipande cha shamba la marehemu baba, mgawo ukaleta maneno, nami nikamtolea lugha chafu mbele ya shangazi. Tangu siku hiyo hakuna salamu. Miezi saba! Tukikutana njiani, yeye anaangalia mikorosho, mimi naangalia simu.

Basi jioni hiyo nilitoka Dar kwenda kufuturu kwa mama. Ulikuwa mfungo wa 26. Tukafuturu kwa uji, mihogo na tende, nikaoga, nikavaa kanzu nyeupe iliyonyooka pasi, nikajipulizia manukato, huyoo msikitini. Si unajua tena, usiku wa 27 hata wale washikaji ambao tarawehe zote zinawakuta kijiweni wanajaa mpaka barazani. Na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilikwenda kuchukua miezi yangu 1,000.

MIEZI 1,000 NI MINGI KIASI GANI?

Tuelewane kwanza. Kuna sura fupi kwenye Qurani, ya 97, yenye aya tano tu. Wengi tuliihifadhi chuoni tukiwa watoto, mwalimu kashika fimbo. Sura hiyo inatueleza kwamba Qurani iliteremshwa katika usiku wa Lailatul Kadiri, kwamba usiku huo ni bora kuliko miezi 1,000, kwamba malaika hushuka, na kwamba ni amani mpaka kupambazuka.

Piga hesabu. Miezi 1,000 gawa kwa 12 unapata miaka 83 na miezi minne. Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961, na miaka 83 tangu hapo itatimia mwaka 2044! Wangapi kati yetu watafika umri huo? Na hapo imeambiwa ni bora kuliko, si sawa na.

Na hilo neno kadiri si geni kwetu. Ni ukoo mmoja na kudura, na makadirio ya fundi anapokupigia hesabu ya saruji. Ndiyo maana masheikh wanaueleza usiku huu kwa njia mbili. Kwanza ni usiku wa cheo, wenye hadhi kubwa. Pili ni usiku wa kukadiriwa mambo, yaani ya mwaka unaokuja yanapangwa: riziki, uhai, mauti.

Ni usiku unaohusishwa pia na mwanzo wa wahyi. Mwaka 610 Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa pangoni Hira, nje ya Makka, alipojiwa na Jibrili. Neno la kwanza lilikuwa amri ya kusoma. Baada ya hapo Qurani ikaendelea kumshukia kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23 hivi.

Sasa sikiliza, vijana wengi tunachapia hapa. Katika hesabu ya Kiislamu usiku unatangulia mchana. Usiku wa 27 ni ule unaoanza magharibi ukishafuturu mfungo wa 26, sio ule wa kesho yake. Usije ukajiandaa ukakuta mwenzio keshamaliza!

KWA NINI TAREHE IMEFICHWA?

Nirudi Zegereni. Imamu alipotaka kusalisha akatuambia tunyooshe safu, tuzibe mapengo, bega kwa bega. Nikageuka. Aliyekuwa kulia kwangu ni kaka! Nikajivuta kidogo kushoto. Na yeye akajivuta kulia. Pale katikati angeweza kukaa mtoto wa darasa la pili. Mzee mmoja wa nyuma akaliona lile pengo, akaguna, lakini takbira ikawa imeshapigwa.

Baada ya rakaa kadhaa tukapumzika, akasimama mzee mmoja kutoa mawaidha. Hakuanza na pepo wala moto. Alianza na swali: mnajua kwa nini hatuijui tarehe kamili ya usiku huu?

Akasimulia Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Bukhari. Siku moja Mtume alitoka kwenda kuwaambia masahaba usiku wenyewe ni upi. Akawakuta watu wawili wanagombana. Basi ile elimu ya tarehe ikaondolewa. Mtume akasema huenda ni heri kwao, akawaelekeza wautafute katika siku za mwisho za mwezi.

Yaani ugomvi wa watu wawili tu, umma mzima ukakosa tarehe! Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Na leo humu ndani wamo wawili wengine." Hakumtazama mtu. Lakini mimi masikio yalipata moto.

Akaendelea kwamba Jumatatu na Alhamisi milango ya pepo hufunguliwa na waja husamehewa, isipokuwa wawili waliohasimiana. Hao husubirishwa mpaka wapatane. Hiyo ni Hadithi ya Imamu Muslim. Na Mwislamu haruhusiwi kumsusa mwenzake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Siku tatu! Mimi nilikuwa na miezi saba.

NI 27 AU SIYO?

Tukitoka kupata hewa nje, vijana wakaanza ubishi wa kila mwaka. Mnajua hapa kwetu wapo wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani, na wapo wanaosubiri tangazo la BAKWATA. Wakipishana siku moja, witiri za huku zinakuwa shufwa za kule. Sasa usiku wa 27 ni wa nani? Sauti zikaanza kupanda. Nikajisemea, haya, ndiyo yale yale yaliyotukosesha tarehe!

Ukweli ni kwamba kumi la mwisho lote ni la kusakwa, na mkazo ni zile za witiri: 21, 23, 25, 27 na 29. Sahaba Ubayy bin Kaab aliapa kuwa ni wa 27. Lakini yupo Abu Said al-Khudri, aliyesimulia mwaka ambao Mtume alionyeshwa kwamba atasujudu kwenye maji na tope. Msikiti wa Madina ulikuwa umeezekwa kwa makuti ya mtende. Usiku wa 21 mvua ikanyesha, paa likavuja, na asubuhi watu wakaona tope kwenye paji la uso wake. Umeona? Sasa wewe unayesubiri 27 peke yake kama mtu aliyekata tiketi ya bahati nasibu, shauri yako.

Na zile stori za utotoni kwamba miti inainama, mbwa hawabweki na maji ya bahari yanakuwa matamu? Si sharti uone kitu. Wapo wanaoupata usiku huu wala wasijue.

NIKO ZAMU YA USIKU, JE?

Najua wasomaji wangu wengi hamna nafasi ya kukaa itikafu. Wengine mnaingia zamu kiwandani, wengine mko hospitalini, wengine mnalinda mageti ya watu. Msivunjike moyo. Kuna Hadithi kwamba anayeswali isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na akiswali na alfajiri kwa jamaa ni kama aliyesimama usiku kucha. Na ulimi haufungwi na zamu, unaweza kuleta dhikiri huku mashine zinazunguka.

Kina dada mlio katika siku zenu, swala mmepumzishwa, lakini dua, dhikiri na sadaka milango iko wazi. Bibi Aisha (R.A.) alimuuliza Mtume aombe nini akiupata usiku huo. Hakuambiwa aombe mali, nyumba wala mchumba. Alifundishwa dua fupi ya kumwomba Mola, ambaye ni Msamehevu na anapenda kusamehe, amsamehe.

Dua hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilitaka kuiomba nikaona aibu. Nitaombaje kusamehewa makosa ya miaka yote, wakati mimi pesa za kipande cha shamba zimenishinda kusamehe?

Ilipokaribia saa ya daku nikamkuta kaka kwenye pipa la maji anatia udhu. Miguu ilikuwa mizito, jamani! Nikasema, "Shikamoo kaka."

Akaendelea kuosha mguu. Nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Marahaba. Mama kapika daku?"

Nikamwambia kapika wali. Nikamwomba radhi kwa yale matusi. Akasema na yeye ana makosa yake, tuongee mchana. Tukaondoka wote kwenda kwa mama, ambaye alipotuona mlangoni pamoja alikaa chini na mwiko mkononi.

Sitaki kukudanganya kwamba shamba limekwisha. Hesabu bado tunazikokotoa, shangazi akiwa hakimu, na siku nyingine tunapandishiana. Lakini salamu ipo, na swala ya alfajiri siku ile tulisimama bega kwa bega bila pengo.

Kwa hiyo msomaji wangu, Ramadhani ikifika kumi la mwisho, nunua kanzu, nunua na manukato, sikukatazi. Ila kabla hujatoka kwenda kuisaka miezi 1,000, fungua simu yako, tafuta lile jina ambalo hutaki hata kuliona, upige. Asipopokea, jaribu tena baada ya futari.

Tukutane wiki ijayo, Inshallah. Wasalaam.