Deni Limeandikwa, Kompyuta Imegoma

Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, inatuamrisha tuandike madeni yetu. Katika mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, penye soko la mbuzi na machinjio, ndugu zetu wengi wenye asili ya kaskazini mwa Kenya huishi kwa biashara hiyo, na mbuzi wa leo huenda akalipwa kesho. Siku hizi daftari la madeni huweza kuwamo ndani ya kompyuta ya nyumbani, pamoja na picha za harusi na kazi za watoto za shule.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na watu wengi wakashauriwa kuweka mfumo mpya. Umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, kompyuta huweza kugoma kuwaka. Hapo haki za watu ziko hatarini.

Wazazi wapendwa, msikate tamaa. Diski ni mfano wa kitabu chenye fahirisi. Kufomati kwa haraka huondoa fahirisi, lakini kurasa aghalabu husalia. Kinachoziangamiza ni kuandikwa kitu kipya juu yake. Kwa hiyo zimeni kompyuta, wala msirudie kuweka mfumo. Iwapo diski ni ya aina ya SSD, fanyeni haraka, maana yenyewe husafisha nafasi za faili zilizofutwa.

Kisha, kwa kompyuta nyingine, tayarisheni flashi yenye mfumo wa Ubuntu, ambao ni wa bure. Iwasheni kompyuta iliyogoma kwa flashi hiyo, na mchague kuujaribu mfumo, si kuuweka. Mara nyingi faili huonekana zilivyokuwa, mkazinakili kwenye diski ya nje. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, mtahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48.

Ikiwa Windows mpya imekamilika lakini faili hazionekani, tazameni folda iitwayo Windows.old, ambayo kwa kawaida hufutwa baada ya siku 10. Zisipopatikana humo, ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec. Hiyo huokoa picha na hati, ingawa majina ya faili hupotea. Kinachookolewa kiwekwe katika diski nyingine, kamwe si ile ile.

Mkihitaji fundi, kumbukeni kwamba picha za mama na mabinti bila ya hijabu ni sitara ya nyumba. Mmoja wa familia akae naye hadi kazi imalizike, na nakala zote zirudi mikononi mwenu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihifadhi habari za mtu binafsi, na kabla yake Sura An-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe.

Kabla ya kuweka mfumo wowote, nakilini faili zenu kwenye diski ya nje, na madeni yaandikwe pia katika daftari la karatasi. Mwenye deni akifariki, warithi wake watalihitaji ili wamlipie kabla ya kugawa mirathi.

Wabillahi tawfiq.