Mpira wa Wavu Utakaodumu: Shauri kwa Vikosi vya Kasese na Bwera

Mchezo wa mpira wa wavu unayafaa sana maisha ya kambi. Hautaki zaidi ya kiwanja cha mita 18 kwa 9, nguzo mbili, wavu wenye kimo cha mita 2.43 kwa wanaume au 2.24 kwa wanawake, na watu sita kila upande. Kikosi kidogo kilichowekwa karibu na mpaka wa Mpondwe, ambacho hakina mahali pa kuchora uwanja wa kandanda, chaweza kuucheza kati ya mahema na njia ya magari. Nchini Kenya, timu za GSU na za Magereza zimekuwa miamba ya mchezo huu kwa miaka mingi, nazo ni timu za watu wavaao sare kama sisi. Na katika upande huu wa Bwera, hasa baada ya shambulio la Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, jioni moja ambayo askari, polisi na vijana wa kijiji wanacheza pamoja huleta maelewano ambayo mikutano mitatu ya hadhara haiwezi kuyaleta.

Lakini mara nyingi jioni hiyo huharibika kwa sababu ya mpira wenyewe. Askari huchanga fedha kutoka katika mishahara yao, mjumbe hutumwa mjini, naye hurudi na mpira unaong'aa. Baada ya majuma machache mpira huo umevimba upande mmoja kama shavu la mtu aumwaye jino, na mchango mwingine unaitishwa. Mara ya tatu watu hukataa kutoa, na wavu hubaki ukining'inia bure. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mpira wa shilingi 30,000 unadumu majuma 6, na mwingine wa shilingi 90,000 unadumu majuma 30. Wa kwanza umewagharimu shilingi 5,000 kwa kila juma; wa pili shilingi 3,000. Basi swali la kumwuliza mwenye duka si bei peke yake. Hata hivyo, haifai kukimbilia ule ulio ghali kuliko yote, na sababu yake iko chini ya miguu yetu.

Mipira ya mashindano makubwa, kama ile ya Mikasa na Molten, makampuni mawili yaliyo katika mji wa Hiroshima, Japani, imetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya ndani. Ngozi yake ya bandia ni laini mno, na vipande vyake vimebandikwa kwa gundi juu ya kibofu kilichozungushiwa nyuzi. Katika ukumbi wa Lugogo mjini Kampala mpira wa namna hiyo ni hazina. Ukiuleta juu ya murramu ya Kasese, penye jua kali, changarawe na miiba ya migunga, ngozi yake itachubuka upesi na gundi itaanza kuachia kwenye kingo. Kwa upande mwingine kuna mipira ya raba tupu. Hiyo haijali mawe, lakini ni migumu, na hupiga mikono na vidole kwa ukali. Askari aliyeteguka kidole cha shahada hawezi kushika zamu kwa siku kadhaa. Kamanda yeyote ataona kwamba hiyo ni gharama kubwa kuliko bei ya mpira.

Unaotufaa ni ule wa katikati: ngozi ya bandia iliyo nene kidogo, yenye kitambaa chini yake, na kibofu cha ndani cha raba ya butili. Butili hushika upepo kwa siku nyingi, tofauti na raba ya kawaida ambayo hulegea upesi. Kama vipande vimeshonwa, mshono uwe umezama ndani ya mfereji kati ya kipande na kipande. Uzi uliojitokeza juu utasagwa na changarawe, na ukikatika pamoja huachia kote. Idadi ya vipande isikusumbue: Mikasa walitumia vipande 8 katika mpira wao wa mwaka 2008, kisha mwaka 2019 wakarudia 18.

Jina kubwa lililopigwa chapa juu ya mpira si ushahidi. Majina hayo huigwa, na muhuri wa shirikisho la dunia huigwa vilevile. Kipimo ndicho kigumu kuigwa. Kwa sheria za mchezo, mzunguko wa mpira ni sentimita 65 hadi 67, na uzito wake ni gramu 260 hadi 280. Mjumbe achukue utepe wa fundi cherehani, auzungushe mpira mara mbili kwa njia zinazopishana. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili yaonyesha kwamba mpira si duara. Kwa uzito, mizani ya kupimia maharage sokoni haifai, kwani haioni tofauti ya gramu 20. Tafuta mizani ndogo yenye tarakimu.

Kisha arushe mpira juu huku akiuzungusha. Mpira mwema huzunguka kwa utulivu. Mbaya huyumba kama mlevi, maana kibofu au tundu la upepo limeulemea upande mmoja. Halafu aombe beseni la maji na kuuzamisha mpira mzima kwa dakika moja. Mapovu yakitoka penye tundu au penye kiungo, aushukuru uongozi wa duka na kwenda zake. Muuzaji akisema, "Afande, huu ni mpya, hauna haja ya kujaribiwa," hiyo nayo ni habari ya kutosha. Anunue pia sindano mbili za kujazia upepo. Bei yake ni ndogo sana, nazo hupotea kuliko kitu chochote kambini.

Sasa tuje kwenye upepo, jambo ambalo wengi hulipuuza. Mkazo unaotakiwa ni kilo 0.30 hadi 0.325 kwa kila sentimita ya mraba. Hewa ikipata joto hutanuka. Mpira uliojazwa sawasawa alfajiri, kwenye nyuzi 20, ukiachwa juani hadi ukafikia nyuzi 45, mkazo wake hupanda na kukaribia 0.40, yaani ongezeko la theluthi moja bila mtu kuugusa. Mishono hupasukia hapo, si kwa nguvu za wachezaji. Kwa hiyo mpira ujazwe saa ile ya kucheza, na baada ya mchezo upunguzwe upepo kidogo. Usilazwe juu ya bati wala nyuma ya kioo cha gari. Vikosi vinavyopanda na kushuka Rwenzori vina jambo la ziada: kwa kila mita 300 hivi za kupanda, mkazo huongezeka kama 0.03, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi huko juu. Mpira uliojazwa Kasese utakuwa mgumu ukifika milimani, na ule uliojazwa milimani utakuwa umelegea ukishushwa bondeni.

Kiwanja nacho kina haki yake. Kabla ya kucheza, watu wachache wapite kwa mstari, kama wafanyavyo katika usafi wa asubuhi, waokote mawe na miiba, na kama maji yapo wanyunyize. Ncha za waya wa wavu zikunjwe na kufungwa kitambaa. Seng'enge ya kambi, ikiwa iko karibu na mstari wa nyuma, izibwe kwa gunia au nyasi kwa urefu wa mtu. Seng'enge imeua mipira mingi kuliko mikwaju ya wapigaji hodari.

Pia mpira wa wavu usipigwe teke kwa mchezo wa kandanda. Mpira wa kandanda wa watu wazima una gramu 410 hadi 450 na umeundwa kustahimili buti. Huu wetu una ngozi nyembamba, na teke moja la buti la jeshi laweza kukihamisha kibofu kutoka mahali pake.

Wakati wa kujaza upepo, sindano iloweshwe kwanza kwa maji ya sabuni, iingizwe polepole na kwa unyoofu. Sindano kavu huchana tundu, na hakuna fundi wa Kasese wala wa Mpondwe awezaye kulishona.